Sanduku la Kitufe Kimoja

Runinga ya tatu Mzee Kihwele aliiua kwa jembe.

Ya kwanza aliitupia kigoda. Ya pili aliitumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua akaikandamiza mpaka mapovu yakaisha. Lakini hii ya tatu aliipiga kwa jembe la shambani, mchana kweupe, majirani wamejazana dirishani, akipiga na kupumzika, akipiga na kupumzika, mpaka vioo vikatapakaa sebule nzima na cheche zikatoboa pazia. Binti yake, Flaviana, alipofika mbio kutoka kazini alimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango, jembe katikati ya magoti, damu inamchuruzika mkononi alikokatwa na kioo.

"Baba! Imekufanya nini tena?"

"Imeniuliza."

"Imekuuliza nini?"

"Ningejuaje? Nataka taarifa ya habari, yenyewe inaniuliza kama nakubali. Nakubali nini? Nikisema nakubali, inaniuliza kama nina hakika. Mimi, na mvi zangu hizi, niulizwe na kioo kama nina hakika!" Alitema mate pembeni. "Nikaiambia ndiyo, nina hakika. Nikaendea jembe."

Flaviana hakujua acheke au alie. Alimfunga kitambaa, akafagia vioo, akaketi naye pale ngazini. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama ndiye aliyejua kusemezana na mitambo ya nyumba ile. Tangu azikwe, mzee alikuwa anaamka, anakula kiporo, anakaa. Hana mpira, hana habari, hana zile dansi za ujanani mwake alizozipenda kuliko chakula. Alikuwa anakonda kwa ukimya, na Flaviana kila akimtazama maini yalimkatika.

"Nitakutafutia nyingine, Baba."

"Nitaiua."

"Hii hutaiua. Hii haitakuuliza kitu."

Duka alilokwenda lilikuwa katikati ya mji wa Iringa, na muuzaji alikuwa mama mnene mwenye maneno mengi. Alimtolea runinga inayoning'inia hewani na kuendeshwa kwa nyusi. Flaviana akamfikiria baba yake anapiga chafya katikati ya mechi, akatikisa kichwa. Akatolewa nyingine, ya kuchezesha vidole. Baba yake alikuwa na vidole viwili visivyokunjika tangu alipoangukiwa na gogo, enzi zake za kupasua mbao msituni. Hapana tena.

"Dada yangu," Flaviana alisema, "mimi nataka kitu ambacho mtu hata akitaka kukosea, hana pa kukosea."

Muuzaji alicheka, akainama chini ya meza, akaibuka na sanduku la rangi ya mbao, ukubwa wake kama mkate. Mbele lilikuwa na kitufe kimoja chekundu. Basi.

"Anabonyeza, linawaka na picha inatokea ukutani. Anabonyeza tena, linazimika."

"Sauti je? Stesheni je?"

"Linajua lenyewe. Jicho lake hili hapa, sikio lake hili. Linasoma moyo wa mzee kwenye ngozi ya uso wake. Moyo ukichangamkia wimbo, linamwekea wimbo huo. Akisinzia linashusha sauti. Akianguka linaita daktari, na akivamiwa linaita mbwa." Akaligonga gonga kwa ukucha. "Kila kitufe tunachokiondoa, mama, kuna jambo lilikuwa linaamuliwa na mtu. Sasa linaamuliwa na sanduku. Ndiyo maana ni rahisi."

Nje ya duka mbwa mmoja wa chuma alikuwa anapita, kimo chake kiunoni mwa mtu mzima, kichwa hakina macho wala masikio, ni taya tupu. Watu walimpisha bila hata kumtazama. Flaviana hakuwa na neno na mbwa, na nani angekuwa nalo? Ile miaka wazee walipokuwa wanachinjwa vitandani mwao na watu waliotaka viwanja vyao, mji mzima ulilala na shoka nyuma ya mlango. Mbwa walipoletwa, wauaji wawili walichanwa sokoni hadharani, utumbo ukabaki kwenye mafungu ya nyanya, na watu wakapiga makofi. Flaviana naye alipiga.

Akalichukua sanduku.

Siku ya kulifunga, sanduku lilikuwa na maswali machache, lakini aliulizwa yeye, kwa kuwa ndiye aliyelisajili. Sauti yake ilikuwa ya kike, ya upole. Nani anaishi hapa? Baba yangu, Valeriani Kihwele, peke yake. Nani hutembelea? Flaviana akajitaja mwenyewe, akamtaja kaka yake wa Makambako, akamtaja katekista. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, anangoja hiyo mashine ikosee adabu.

"Je, kuna mtu yeyote anayemtishia mwenye nyumba?"

Flaviana akamtazama baba yake. Baba akamtazama binti. Wote wawili wakaangua kicheko.

"Yupo!" alisema Flaviana. "Mmoja tu, Mngoni mmoja anaitwa Osmundi Mbano. Kila Jumamosi anakuja kumwua Baba."

"Muuaji huyo!" mzee alidakia, akifuta machozi ya kicheko. "Andika! Babu yake alimkimbia babu yangu, sasa mjukuu anatafuta kisasi!"

"Asante," likasema sanduku. "Mzee, bonyeza ukiwa tayari."

Mzee Kihwele akakinyoosha kidole chake kisichokunjika, akabonyeza. Magitaa yakalia. Ulikuwa wimbo aliouchezea siku alipomposa mkewe, na hakuna aliyeliambia sanduku. Kiuno kikaanza chenyewe, taratibu, fimbo mkononi, macho yamefumba. Flaviana alitoka nje akalie kwa furaha asionekane. Jamani, alifikiri, kumbe ni rahisi hivi.

*

Utani wa Wahehe na Wangoni ulizaliwa kwenye mikuki. Mababu waliuana kweli, wajukuu wakawa wanauana kwa maneno, na wanaojua wanakwambia hakuna mapenzi yenye kelele kuliko hayo. Kihwele na Mbano walikuwa wamepasua mbao pamoja tangu vijana, mmoja juu ya gogo, mwingine chini, msumeno mmoja. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyesikia wakiamkiana kama watu.

Jumamosi ile Flaviana alikuwa kwenye jiko la nje anasonga ugali. Sanduku lilikuwa linapiga dansi, na mzee anaitikia kwa mbinja. Mbano akaingia kama anavyoingia siku zote, bila hodi, maana mtani hapigi hodi, panga mkononi na kibuyu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, kimening'inia begani. Akapita jikoni, akamtoa jogoo wa mzee chini ya tenga, akambana kwapani.

"Mateka wangu hajambo?" alimwuliza Flaviana.

"Shikamoo, mwizi."

"Marahaba. Chemsha maji kabisa, leo nachinja wawili. Naanza na yule mwenye miguu miembamba."

Flaviana alicheka akaendelea kukandamiza mwiko. Alimsikia Mbano anapiga teke mlango wa sebule, ananguruma: "Kihwele! Toka nikumalize! Nimechoka kukuachia pumzi, mateka mkubwa wewe!" Na baba yake, sauti imejaa raha: "Mkimbizi wa kusini! Umekuja mwenyewe, leo hutoki na kichwa!" Fimbo ikagonga panga. Kigoda kikaanguka. Jogoo akapiga kelele. Walikuwa wameshikana, kama kawaida, Mbano amemkaba mwenzake shingo kwa mkono mmoja na kwa mwingine anamchapa mgongoni kwa ubapa wa panga, pa, pa, pa, wote wawili wanahema na kucheka kama watoto.

Muziki ukakatika.

"Osmundi Mbano," ilisema sauti ya upole. "Weka silaha chini."

"Weee!" Mbano alishangaa. "Kihwele, redio yako inanijua! Iambie na yenyewe ni mateka wangu."

Mwiko ulimwanguka Flaviana. Hajui alijuaje, lakini alijua. Alikimbilia mlangoni akipiga kelele, "Mzee Mbano, lidondoshe! Lidondoshe panga!" na kitu kizito kikampiga ubavuni kikampita. Mbwa wa kwanza aliingia kwa mlango. Wa pili aliingia kwa dirisha, fremu na vyote.

Wa kwanza aliukamata mkono wenye panga juu kidogo ya kiwiko. Hakutikisa kichwa kama mbwa wa nyama. Alifunga taya tu. Mfupa ulilia, panga likaanguka, na taya zikaendelea kufunga mpaka zikakutana. Mbano hakupiga ukelele. Alitoa pumzi moja ndefu, macho yamemtoka, anautazama mkono wake kinywani mwa kitu kisichokuwa na macho. Wa pili akamkanyaga kifuani akamlaza chali. Mbavu zikasikika. Damu iliruka ukutani, ikaruka kwenye picha ya mama, ikamwagika kwenye lile zulia lililokuwa bado na chembe za kioo.

"Mwacheni!" Mzee Kihwele alimrukia mbwa mgongoni, anampiga fimbo, anampiga ngumi, anamng'ata. Naam, alimng'ata, akavunja meno yake mawili kwenye chuma kile. "Mwacheni, huyo ni wangu! Huyo ni mtani wangu! Flaviana, liambie!"

"Ni mtani wake!" Flaviana alilia. "Wanataniana! Wanataniana tu!"

"Mzee, tulia," likasema sanduku. "Moyo wako unakwenda mbio. Umetishwa sana. Sasa uko salama."

Mbwa wakarudi nyuma hatua mbili, wakakaa. Flaviana alivua kitenge akakifunga kigutu cha mkono wa Mbano, akikaza kwa meno na kwa magoti, damu moto inampitia vidoleni. Jogoo alikuwa amekanyagwa, amebaki manyoya na majimaji. Na sanduku, lilipoona moyo wa mzee hautulii, likamrudishia ule wimbo wake wa posa, palepale lilipoukatia.

*

Hospitali walimkata Mbano mkono begani. Alipozinduka alimwona Flaviana pembeni ya kitanda, macho yamemvimba, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Mwambie baba yako mkono wangu umebaki kwake. Asije akaula, Mhehe yule."

Flaviana alishindwa kucheka. Mlangoni mwa wodi mbwa wa chuma alikuwa amelala, taya zimeelekea kitandani.

Yeye na baba yake walikwenda mpaka banda la mbwa, ile ofisi ndogo nyuma ya soko. Dada wa zamu aliwasikiliza mpaka mwisho, na hakuwa mtu mbaya. Alimpa mzee kiti, akampa maji ya kusukutua fizi zake zilizopasuka. Halafu akawaonyesha ukutani alichokuwa anakitazama. Ilikuwa picha iliyopigwa na jicho la sanduku: panga limeinuka, shingo ya mzee imekabwa. Chini yake sauti ya Flaviana mwenyewe ilikuwa inacheka ikisema, kila Jumamosi anakuja kumwua Baba.

"Ule ulikuwa utani," Flaviana alisema. "Dada, wewe ni mtu wa hapa. Unajua utani."

"Mimi najua. Waliolitengeneza hawajui. Huko kwao mtu hamtukani anayempenda." Akashusha pumzi. "Mzee Mbano ameshatiwa alama. Mbwa wote wa mji wanamjua. Ndani ya wodi hawamgusi, lakini hospitali haimweki mwenye alama: kesho asubuhi inamtoa, na akivuka geti watamshika."

"Watamshika vipi?"

"Umeshaona wanavyoshika."

"Atakufa!" Mzee Kihwele aliinuka kwenye kiti. "Mtu hana damu, hana mkono, mbavu zimevunjika! Nasema mimi niliyekabwa: hakunitisha! Futa hiyo alama!"

"Mzee wangu, maneno yako hayafuti. Sanduku lilisoma moyo wako, linasema umetishwa, kwa hiyo kila utakachosema linaona umelazimishwa kukisema."

"Basi niandike mimi," Flaviana alidakia. "Mimi ndiye niliyelidanganya. Alama nipe mimi."

"Halikukuona umeshika kitu. Maneno hatupokei, mama, tunapokea lilichokiona. Damu ikishamwagika nyumbani lazima awepo aliyeshambulia, na nyumba moja ina mshambuliaji mmoja. Ingekuwa sanduku limemwona mzee mwenyewe ndiye mkorofi, hapo lingelipima jambo upya. Lingesema mgeni alikuwa anajitetea, na alama ingemtoka saa hiyo hiyo." Alisita, kama mtu aliyegundua amesema zaidi ya alivyotakiwa, lakini akaendelea kwa sababu Flaviana alikuwa anamkazia macho. "Na mwenye nyumba mbwa hawamwingilii hivi hivi. Wanasimama mlangoni. Sanduku linamwuliza aliyeumizwa, naye ndiye mwenye neno, akiwa palepale na jeraha lake. Akikataa, wanaondoka, na tukio linafutwa kama halijatokea."

"Na tukilivunja?" Flaviana aliuliza. "Hilo sanduku?"

"Kile lilichokiona kimeshafika hapa. Mtavunja mbao tu."

Mzee Kihwele aliyanywa yale maji aliyopewa ya kusukutua, yote, na damu yake. Akamshukuru yule dada kwa adabu, akatoka.

*

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika nyumbani. Flaviana alipiga deki sebule, maji yakawa mekundu, akamwaga, akachota mengine, yakawa mekundu tena. Kichwani alikuwa anatafuta njia. Angemtoa Mbano kwa mlango wa nyuma wa hospitali. Mbwa wako na nyuma. Angemficha kwenye gari la maiti, mbwa wangenusa. Kila njia aliyoifungua iliishia kwenye taya, na kwenye kicheko chake mwenyewe kilichonaswa ukutani. Akachota ndoo nyingine.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya sanduku, fimbo mapajani. Hakuwa amebonyeza.

"Baba, kula kidogo."

"Flaviana. Nimewahi kukupiga?"

"Hujawahi, Baba." Swali lilimshangaza. "Mama ndiye aliyekuwa anatuchapa. Wewe ulikuwa unakimbilia shambani usisikie tukilia."

"Ee. Nilikuwa nakimbia." Akaipapasa fimbo. "Siku tunamzika mama yako, Mbano aliruka kaburini kabla ya jeneza. Unakumbuka? Akalala chali, akasema hatoki mpaka nimpe koti langu, au tumzike yeye. Watu wakacheka mimi nikiwemo. Kama asingenichekesha siku ile, ningejitupa mwenyewe."

"Nakumbuka."

"Sogea hapa. Simama hapa mbele yangu, kwenye mwanga."

Flaviana akaweka sahani chini, akasogea. Alidhani anataka kushikwa mkono. Mzee alinyoosha kidole chake kigumu, akabonyeza kile kitufe chekundu, sanduku likawaka. Halafu akainuka, akainua fimbo kwa mikono miwili, akampiga binti yake usoni.

Taya ililia ndani ya kichwa chake. Alianguka juu ya ndoo, maji mekundu yakamwagika, na kabla hajapata pumzi ya kusema Baba, fimbo ilimshukia tena, begani, mfupa ukakatika. "Mtoto mbaya!" mzee alikuwa ananguruma, lakini kwa sauti ambayo Flaviana hakuwahi kuisikia, sauti isiyokuwa na hata chembe ya raha. "Umeniletea nini nyumbani kwangu! Nitakuua!" Ya tatu ilimpata mbavuni. Alijikunja, akatapika damu na jino, akatazama juu, akaona uso wa baba yake umelowa machozi mpaka kidevuni, na mkono unaipandisha fimbo kwa mara ya nne.

Hapo ndipo alipoelewa.

"Valeriani Kihwele," ilisema sauti ya upole. "Weka silaha chini."

"Siweki!"

Kucha za chuma zilikuwa zinakuja barazani. Mbwa wawili walisimama kwenye kizingiti, kando kwa kando, hawakuingia. Kwenye taya za mmoja bado palikuwa na uzi wa shati la Mbano.

"Flaviana," likasema sanduku. "Mwenye nyumba amekuumiza. Mbwa waingie? Sema ndiyo au hapana."

Kinywa kilimjaa damu. Aliitema. Neno hapana lilikuwa limeshafika mlangoni mwa meno, lilikuja lenyewe, kama mtoto anavyokimbilia kwao. Aseme hapana, mbwa waondoke, amfute baba machozi, wakae wote wawili sakafuni mpaka kuche. Na kesho asubuhi mzee wa watu, mwenye mkono mmoja, avuke geti la hospitali akitafuta mtu wa kumtania.

"Usinifanyie hivi, Baba," alisema. Maneno yalitoka yamevunjika.

"Jibu."

"Nitakwambia kesho. Tutafikiri, tutapata—"

"Hakuna kesho ya kufikiri! Wewe mtoto, nimekupiga! Nimekuvunja mfupa! Unadhani naweza kulirudia hili? Jibu!"

"Flaviana," likarudia sanduku, "moyo wako haueleweki. Je, unamwogopa mwenye nyumba?"

Basi hapo alielewa na lililobaki, na lilikuwa baya kuliko yote. Neno tupu lisingetosha. Sanduku lilikuwa linamtazama ngozi ya uso, linahesabu damu yake inavyopita, na kama lingemkuta na huruma, kama lingemkuta na mapenzi, lingesema naye amelazimishwa. Baba yake angekuwa amempiga bure. Ilimbidi amaanishe.

Hofu ya kumwogopa hakuwa nayo, akaitafuta chuki. Aliitafuta utoto mzima hakuiona. Palikuwa na mzee anayekimbilia shambani asisikie watoto wakilia. Aliitafuta kwenye taya yake iliyovunjika, akapata maumivu tu. Halafu akamtazama alivyosimama pale, fimbo juu, uamuzi ameshaufanya peke yake bila kumwuliza, kifo ameshakichagua, na kilichobaki, kile kidogo kilichobaki, kukitamka, amemwachia yeye. Mzee atakwenda zake. Yeye ataamka kila asubuhi na neno lile mdomoni. Baba gani anamfanyia mtoto wake hivi? Na ikaja. Ilipanda kutoka tumboni, moto, nyeusi, ikamjaa kifua, na kwa kitambo hicho kimoja alimchukia Valeriani Kihwele kuliko kiumbe chochote duniani.

"Ndiyo," alisema. "Waingie."

Mbwa walimpita Flaviana kila mmoja upande wake, bila kumgusa. Mzee Kihwele alimwitikia binti yake kwa kichwa, mara moja. Kisha akaiinua fimbo juu zaidi, ili wasije wakasita.